Siena: Nyumba ya Wageni Nje ya Kuta

Mji wa Siena katika nchi ya Italia umejengwa juu ya vilima vitatu, mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka Firenze. Kuta za kale zauzunguka, na ndani yake njia ni nyembamba, nyumba zimesongamana, nazo zina rangi ya udongo uliochomwa. Lakini wageni wengi wanaokwenda kuutazama hawalali ndani. Hulala nje ya kuta, katika hoteli za kisasa, na sisi pia tulilala huko.

Sababu yake ni hii. Tangu miaka ya 1960 motokari hazipiti ovyo katikati ya mji. Zapita zile zenye ruhusa tu. Tena mwaka 1995 UNESCO iliuandika mji huo wa kale katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Hapana mtu awezaye kubomoa nyumba za wazee ili asimamishe jengo la vyumba mia. Basi hoteli kubwa zimejengwa pembeni, penye barabara pana na mahali pa kuegesha mabasi.

Mlango wa hoteli yetu ulikuwa wa kioo, nao ulifunguka wenyewe. Karani alitaka kuona pasi zetu, maana sheria ya Italia yaagiza kila hoteli iwape polisi majina ya wageni wake. Badala ya ufunguo tulipewa kadi. Ukiitia katika tundu la ukutani taa zawaka, ukiitoa zazimika, ili umeme usipotee bure. Chumba kilikuwa safi na kimya. Asubuhi kila mtu alijipakulia chakula mwenyewe. Hapo mkate tu ndio uliotukumbusha tulipo, kwa kuwa mkate wa Toscana hauna chumvi. Vitu vingine vyote tungaliviona hivyo hivyo katika miji mingine mingi.

Tulipanda mjini kwa basi. Wengine huacha motokari zao chini, wakapandishwa na ngazi za umeme. Juu ya lango liitwalo Camollia yamechorwa maneno ya Kilatini, maana yake ni kwamba Siena humfungulia mgeni moyo mpana kuliko lango lenyewe. Tukaulizana: Je, hayo ni maneno ya kujisifu tu?

Jibu liko mbele ya kanisa kuu. Hapo pana nyumba ndefu iitwayo Santa Maria della Scala. Kwa miaka mamia ilikuwa hospitali na nyumba ya wasafiri, hasa mahujaji waliokwenda Roma kwa miguu kwa njia ya Francigena. Matajiri waliiachia mali na mashamba, na mavuno yake yaliwalisha maskini. Katika ukumbi wa mahujaji Domenico di Bartolo alichora ukutani, miaka ya 1440, kazi za nyumba ile: mgonjwa anaoshwa, maskini anapewa mkate, watoto waliotupwa wanalelewa, na binti aliyelelewa humo anaozwa kwa heshima. Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyezaliwa mwaka 1347, aliwauguza wagonjwa wa nyumba hiyo. Leo ni makumbusho. Wagonjwa hupelekwa hospitali mpya, nayo pia iko nje ya kuta.

Je, tuseme kwamba watu wa kale walikuwa wema, na wa siku hizi hawana huruma? Hapana, si haki kusema hivyo. Mgeni wa leo hupata maji safi na kitanda chake peke yake, na watu wengi hupata riziki kwa kazi ya hoteli. Tena hoteli ile isiyo na uzuri wa pekee ina wema wake uliofichika: haikumtoa mwenyeji nyumbani mwake. Katika Venezia na Firenze nyumba nyingi za jamaa zimegeuzwa kuwa vyumba vya watalii, na kodi imepanda hata vijana wanahama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona namna gani akikosa mahali pa kukaa?

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta mama mmoja akisukuma kigari kilichojaa mashuka. Alisimama, akatuamkia, akauliza kama tulilala vema. Wala hakuwa na faida yoyote kwa kuuliza, maana tulikuwa tumekwisha kulipa. Mlango wa kioo humfungukia kila apitaye, kwa sababu haumjui mtu. Mama yule alitutazama usoni, akangoja jibu letu. Nasi tukaona kwamba maneno ya lango la Camollia bado yana watu wanaoyatimiza, hata huko nje ya kuta.