Uliza Mvuno, Usiulize Mwaka

Dodoma wananijua kwa kazi moja tu: kuwaambia watu wanywe mvinyo gani. Nilianza kama mhudumu wa hoteli, nikawa mtunza stoo, baadaye nikafungua duka langu la vinywaji. Kote huko swali la wateja lilikuwa lilelile: "Mama, nipe nyekundu nzuri isiyonimaliza mfuko."

Kule hotelini jibu lilikuwa tayari limeandikwa. Orodha ya vinywaji ilianza na Stellenbosch, ikaendelea na Paarl, na mvinyo wa hapa nyumbani, ukiwepo, ulikaa mstari wa mwisho bila hata jina la aliyeutengeneza. Mgeni aliyenunua zabibu sokoni asubuhi, jioni aliletewa mvinyo wa Afrika Kusini. Mimi nilikuwa na funguo za stoo, na wasindikaji wadogo walikuwa wakipita mlango wa nyuma na sampuli zao. Meneja hakuwa na muda nao. Mimi nilikuwa nao.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba chupa ya mililita 750 huhitaji kilo moja na kidogo ya zabibu. Ukishalijua hilo, bei zinaanza kueleweka. Sehemu kubwa ya fedha unayotoa hulipia chupa yenyewe, kizibo, lebo, stempu ya kodi na usafiri. Mvinyo wa ng'ambo unabeba pia meli, forodha na faida za watu kadhaa njiani. Isitoshe, serikali imeweka ushuru wa bidhaa ulio mdogo zaidi kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini. Kwa hiyo chupa mbili zikisimama rafuni kwa bei moja, ile ya msindikaji wa Hombolo au Mpunguzi, hapa Dodoma, ndiyo ambayo shilingi zako nyingi zaidi zimefika shambani. Hiyo si siasa ya kununua cha kwetu. Ni hesabu.

Lakini si kila chupa ya msindikaji mdogo inafaa, na hapa ndipo ninapolipwa. Zabibu za Dodoma, zilizoletwa na wamisionari wa Kiitaliano katikati ya karne iliyopita, huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Mvuno wa kwanza unaangukia mvua. Zabibu hujaa maji, ubwiri unaingia, na mkulima anayeogopa kuoza kwa vichala anavuna mapema, sukari ikiwa bado chini. Msindikaji naye anafidia kwa sukari ya dukani. Mvuno wa Agosti hukutana na jua kavu na usiku wenye baridi, maana mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Karibu gramu 17 za sukari katika lita moja ya mchuzi wa zabibu hutoa asilimia moja ya kilevi. Mchuzi wenye gramu 220 unakufikisha kwenye 13 bila kuongezwa chochote. Ulaya watu huulizana mwaka. Huku swali la maana ni mwezi, na msindikaji anayejibu bila kusita nimekuwa nikimpa nafasi kubwa rafuni.

Makutupora, zabibu nyeusi inayotumiwa na wasindikaji wengi, ina ukakasi wake. Ukakasi si kasoro mradi uje na ladha ya tunda. Ninachokikataa ni harufu ya siki, ile ya rangi ya kucha, na ladha ya jamu iliyoungua inayotokana na tangi kuchachuka kwenye joto kali bila kupozwa. Sampuli siiamini. Sampuli ya msindikaji huwa nzuri siku zote, kama mtoto aliyepelekwa kwa bibi. Mimi huomba chupa kutoka boksi la katikati, naiacha dukani miezi kadhaa, kisha naionja tena. Na kisicho na nembo ya TBS, Shirika la Viwango, sikiuzi, hata mwenye nacho awe jirani yangu. Wapo walioninunia kwa hilo.

Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, wateja walibadilika. Wakati wa Bunge la bajeti duka halikauki waheshimiwa na wasaidizi wao. Mheshimiwa akiwa na wenzake ataagiza mkavu, akirudi peke yake jioni atanong'ona, "Mama, ule mtamu upo?" Upo, na hakuna aibu. Mvinyo mtamu mwekundu na mishikaki yenye pilipili ni mambo yanayopatana vizuri kuliko wajuzi wa mvinyo wanavyokubali. Ila kwa mbuzi choma wa mnada wa Msalato nitakushawishi uchukue mkavu, kwa sababu ukakasi unakata mafuta.

Ugomvi wangu mkubwa ni wa baa. Mhudumu anauliza kama anavyouliza bia: baridi au moto? Vyote viwili vinaharibu. Wazungu wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wanazungumzia chumba cha nyuzi 16 au 18. Chumba chako cha mchana hapa kina nyuzi 28 au zaidi, na kwa joto hilo kilevi ndicho pekee kinachonusika. Uweke kwenye friji kwa muda kwanza, basi. Ukibaki, uzibe, urudishe frijini, umalize ndani ya siku mbili au tatu.

Nimeona wasindikaji wakianza na dumu na mabeseni wakafika kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu, na wengine wakafunga kwa kukosa chupa, si kwa kukosa zabibu. Waliobaki hawana fedha za matangazo, kwa hiyo huwezi kuwajua kwa kutazama mabango.

Ukifika Dodoma mwezi Mei au Juni, mvuno wa Agosti iliyopita utakuwa umetulia vya kutosha. Nunua huo, chupa mbili ukiweza. Wa Machi mwachie muuzaji, hata akikupunguzia bei.