Sababu ya Kweli Iandikwe: Wosia kwa Mpwa Wangu



Mwisho wa mwezi huu naiacha kazi ya rasilimali watu, na wewe ndiyo kwanza unaianza, katika mji huuhuu wa Plymouth, Minnesota, kati ya viwanda vya vifaa vya tiba na nyumba za kuhudumia wazee na walemavu ambako watu wetu wengi hukesha zamu za usiku. Mama yako ameniomba nikuachie wosia. Nitakuachia wa kazi, kwani ndio nilio nao.

Siku za mwanzo msimamizi fulani atakuambia kwamba hapa Minnesota ajira ni ya hiari: mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi saa yoyote bila sababu, na mfanyakazi naye aondoke saa yoyote atakayo. Ni kweli, lakini ameishia nusu ya kanuni. Mwajiri anaweza kuachisha bila sababu. Hawezi kuachisha kwa sababu iliyokatazwa. Na zilizokatazwa ni nyingi: rangi, dini, nchi ya asili, jinsia, ulemavu, umri, hali ya ndoa, hata kupokea msaada wa serikali. Tangu 2023 Minnesota imeeleza wazi kwamba ubaguzi wa rangi ni pamoja na kumbagua mtu kwa nywele zake, za kusuka au za kusokota. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ya nchi nzima, inamgusa mwajiri mwenye watu kuanzia 15. Sheria ya Haki za Binadamu ya Minnesota inamgusa hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo mwenye nyumba ndogo ya walemavu asikuambie kwamba yeye ni mdogo mno kushtakiwa.

Kuna kifungu kimoja cha sheria za Minnesota nataka ukijue kabla ya vingine vyote, nacho ni 181.933. Aliyeachishwa kazi akiomba kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi, mwajiri lazima amwandikie sababu ya kweli ya kuachishwa kwake ndani ya siku 10 za kazi tangu apokee ombi. Sheria imedai sababu ya kweli. Haikudai sababu ya kupendeza, wala ile iliyotungwa baadaye wakili alipopiga simu. Tena imempa mwajiri kinga, maana barua hiyo haiwezi kuwa msingi wa kesi ya kashfa. Basi anayekwepa kusema kweli anaogopa nini? Mara nyingi anaogopa kwa kuwa sababu yenyewe haikuwapo siku uamuzi ulipofanywa. Mtu anaambiwa nafasi yake imefutwa, na wiki mbili baadaye tangazo la nafasi ileile linatoka. Hapo kesi imekwisha kuandikwa, na aliyeiandika ni ofisi yenyewe.

Ukiitwa kuandaa karatasi za kumwachisha mtu, uliza sababu kwanza. Iandike kwa tarehe na kwa maneno ya aliyeitoa. Kisha fungua majalada ya wengine waliofanya kosa lilelile uone walitendewaje. Ukikuta aliyechelewa mara tatu ameonywa, na mwingine aliyechelewa mara tatu anafukuzwa, na tofauti yao unayoiona ni lafudhi tu, usisaini. Nenda kwa mkubwa wako umweleze ulichokiona. Hii ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Sisi tuliotoka nyumbani, Afrika Mashariki, tumelelewa na sheria za aina nyingine. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na amsikilize kabla ya kumwachisha. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtwisha mwajiri jukumu la kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Asiyeridhika anakwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Minnesota haimdai mwajiri wa kawaida kikao wala barua ya onyo. Nakusihi uyafanye hata hivyo. Wapo watakaoona unachelewesha mambo kwa urasimu wa Dar es Salaam. Waache waseme. Mtu aliyesikilizwa kabla ya kuondoka, hata akiondoka na hasira, anajua ameondoka kwa lipi, na wewe unajua pia.

Soma kesi ya Kenneh dhidi ya Homeward Bound, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Minnesota Juni 2020. Mwajiri alikuwa shirika la kuhudumia watu wenye ulemavu, kazi ileile wanayoifanya shangazi zako na jirani zako. Mlalamikaji alidai kwamba mfanyakazi mwenzake wa kiume alikuwa akimtolea maneno na ishara za kingono. Mahakama mbili za chini ziliona madai hayo, hata yakiwa kweli, hayakufikia uzito wa kuitwa unyanyasaji. Mahakama ya Juu haikuifuta kanuni yenyewe, kwamba tabia iwe nzito au ya kurudiwarudiwa. Ilisema kanuni hiyo lazima iende na wakati, kwamba yaliyovumiliwa katika kesi za zamani si kipimo cha mahali pa kazi pa leo, na ikaagiza madai hayo ya unyanyasaji yaendelee kusikilizwa. Tangu hapo sina subira na msimamizi anayesema, "Ndivyo alivyo yule, amezoea utani." Ukisikia maneno hayo, anza uchunguzi siku hiyohiyo. Usimhamishe mlalamikaji zamu ili kuleta utulivu, kwani kumhamisha aliyeonewa huweza kuwa adhabu juu ya uonevu. Na tangu siku aliyolalamika, chochote mtakachomfanyia, kupunguza saa zake, kumpa alama mbaya, kumnyima nafasi, kinaweza kutazamwa kama kisasi. Mlalamikaji ana mwaka mmoja tangu tukio kufikisha shauri lake kwa Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota, na siku 300 kwa EEOC, tume ya serikali kuu ya fursa sawa za ajira. Kumbukumbu za watu hufifia ndani ya muda huo. Ulichokiandika siku ya tukio ndicho kitakachobaki.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mshahara ni mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako. Tangu Julai 2019, mwajiri wa Minnesota lazima ampe kila anayeanza kazi taarifa ya maandishi: kiwango cha malipo, siku ya kulipwa, makato, likizo, jina halali la mwajiri na anwani yake, naye aisaini. Mfanyakazi akiomba taarifa hiyo kwa lugha yake, apewe kwa lugha hiyo, hata ikiwa ni Kiswahili. Usingoje mama wa Kikongo aliyefika juzi agundue mwenyewe kwamba ana haki hiyo. Muulize.

Angalia sana saa za ziada kwenye nyumba za huduma. Mtu akifanya kazi saa 30 nyumba moja na saa 25 nyumba nyingine ya mwajiri huyohuyo, amefanya saa 55, na sheria ya serikali kuu inadai saa zinazozidi 40 kwa juma zilipwe mara moja na nusu. Kumwita mfanyakazi mkandarasi na kumpa fomu ya kodi ya 1099 hakubadilishi kazi anayoifanya, na faini ya Minnesota kwa udanganyifu huo inaweza kufika dola 10,000 kwa kila kosa. Aliyefukuzwa akidai mshahara wake, alipwe ndani ya saa 24. Kima cha chini cha Minnesota mwaka huu wa 2026 ni dola 11.41 kwa saa, lakini Minneapolis na Saint Paul zina viwango vyao vya juu zaidi: ukimtuma mtu wa Plymouth afanye kazi saa mbili au zaidi kwa juma ndani ya Minneapolis, saa hizo zinafuata kiwango cha Minneapolis. Na msimamizi asiwakataze watu kuulizana mishahara. Hilo ni kosa, chama kiwepo kisiwepo.

Suala la ibada litakufikia mapema. Makao makuu ya Cargill yako jirani zetu hapa, upande wa Minnetonka na Wayzata. Desemba 2015, kwenye kiwanda chake cha nyama cha Fort Morgan, Colorado, mgogoro wa mapumziko ya sala ulisababisha Wasomali Waislamu zaidi ya 100 kufukuzwa. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kwa wafanyakazi 138 wa zamani, bila kukiri kosa, na chama chao cha wafanyakazi nacho kikalipa dola 153,000. Dakika za sala ni chache, tazama zilichogharimu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Groff, Mkristo aliyekuwa mpeleka barua na asiyetaka kufanya kazi Jumapili, iliamua kwamba mwajiri anayekataa ombi la kidini lazima aonyeshe mzigo mkubwa kweli kwa biashara yake. Kero ndogo haitoshi. Uamuzi huo unamlinda Msomali anayesali alasiri sawasawa na Mkisii Msabato anayeomba Jumamosi zake. Kaa na mwombaji na msimamizi mezani, tafuteni atakayebadilishana zamu, mwandike mliyojaribu.

Karatasi za uhamiaji nitazigusa kidogo. Fomu I-9, ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, ikaguliwe ndani ya siku tatu za kazi tangu mtu aanze, na mfanyakazi ndiye anayechagua alete hati gani kati ya zilizoorodheshwa. Kumdai kadi ya ukaazi wa kudumu kwa sababu anaonekana mgeni ni ubaguzi. Kadi hiyo ikiisha muda baada ya kuajiriwa, usimwite aje na nyingine.

Likizo zimebadilika haraka, kwa hiyo usitegemee kitabu cha zamani cha ofisi. Tangu Januari 2024 kila saa 30 za kazi zinampa mtu saa moja ya ugonjwa yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna likizo ya jimbo yenye malipo, hadi wiki 12 kwa matibabu na 12 kwa familia, jumla isizidi 20 kwa mwaka. Tarehe hiyohiyo mapumziko nayo yalipata kipimo: dakika 15 kwa kila saa nne, na dakika 30 za chakula kwa anayefanya kazi saa sita au zaidi. Muuguzi msaidizi aliye peke yake usiku na wagonjwa wanne atazipata wapi dakika hizo? Panga mtu wa kumpokea. Kuandika kwamba amepumzika wakati hakupumzika ni uongo wenye saini yako.

Kisha kuna watu wetu. Watakufuata kanisani, msikitini, kwenye harambee, watakuita dada, wataanza kukusimulia ya kazini na kukuomba uyafunike. Huwezi. Ukishajua wewe, kampuni imeshajua. Kwa hiyo mzuie kwa upole kabla hajafika mbali, umwambie: "Dada yangu, mimi ni afisa wa mwajiri. Ukiniambia kuhusu unyanyasaji au mshahara ulioibwa, siwezi kulificha, lazima nilishughulikie. Ukitaka ushauri wa mtu asiye wa mwajiri, nitakupa namba ya Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota, na ya Idara ya Haki za Binadamu, na sheria inamkataza mtu yeyote kukuadhibu kwa kupiga simu." Akikasirika, vumilia. Kisha mpe namba hizo kweli, hata kama mwajiri atakayelalamikiwa ni yule anayekulipa mshahara.

Mjomba wako