Mkanda wa Feni Hauchaguliwi kwa Macho

Marehemu baba alituachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, na mama hakubali kupelekwa kwao Lushoto kwa gari jingine. Injini ya gari hilo hupozwa kwa hewa. Haina rejeta wala maji. Mkanda mmoja huzungusha dainamo, na feni imefungwa kwenye mhimili huohuo wa dainamo. Mkanda ukikatika, taa nyekundu huwaka, na dereva asiposimama papo hapo, injini huungua. Katika kona za kupanda kutoka Mombo, na mama yumo garini, hilo si jambo la kubahatisha.

Mwaka jana muuzaji mmoja wa vipuri aliuning'iniza mkanda wetu mkongwe kando ya mpya, akasema, "Ndio huuhuu, bwana." Nilimwomba rula. Ule mpya ulikuwa mwembamba zaidi, nikamrudishia.

Mkanda hutambulikana kwa upana na urefu. Ulioandikwa, kwa mfano, 10 x 905, una upana wa juu wa milimita 10 na urefu wa milimita 905. Zikifuata herufi La, huo ni urefu wa nje. Li ni wa ndani. Namba zikifanana na herufi zikatofautiana, mikanda hiyo hailingani. Mkanda mkongwe nao si shahidi wa kuaminika: hunyooka kwa matumizi, na huenda aliyeufunga alibahatisha. Namba ya kweli itafutwe katika kitabu cha gari, kwa kuzingatia dainamo iliyomo sasa. Gari lililobadilishiwa altaneta huweza kuhitaji mkanda mwingine.

Kisha ujaribu kwenye puli. Mkanda hushika kwa mbavu zake; ukigusa sakafu ya mfereji, utateleza. Puli ya dainamo ya Beetle ina vipande viwili, na katikati yake huwekwa washa nyembamba. Ukipunguza washa hizo, mkanda hukaza, ukiongeza, hulegea. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, ubonyee kama milimita 15.

Bei ya mkanda ni ndogo, ya injini si ndogo. Basi aliyerithi gari la mzazi wake na asome kwanza kitabu cha gari, ndipo amsikilize muuzaji. Tena asisafiri bila mkanda wa akiba na spana ya kuufungia.