Baba Mkwe Wangu na Hadithi ya Sikio



Nilipoolewa nilitoka Unguja nikaenda kuishi kwa wakwe Bariadi, mkoani Simiyu. Mambo yote yalikuwa mageni: mashamba ya pamba, chai kwa michembe badala ya boflo, kumwambia mkubwa "mwangaluka" huku umepiga goti. Alhamdulillah, niliyazoea yote isipokuwa baba mkwe.

Mzee alipigana Vita vya Kagera, majeshi ya Idi Amin yalipotuvamia mwaka 1978, akaenda hadi Uganda. Nyumbani hasemi. Nikimpelekea chai ananiitikia kwa kichwa tu. Nikajiambia, huyu hanitaki. Nimelia jikoni siku nyingi, na mume wangu sikumwambia.

Usiku mama mkwe huwasimulia wajukuu habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wao. Mjamzito mmoja alijificha, akanusurika, akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua aliliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Lakini wakati wa kupasua alimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumloga huyo huyo aliyemwokoa, mpaka ilipopatikana dawa sikio likapona. Mimi mwalimu wa fasihi nilicheka tu, nikaona ni hadithi ya watoto.

Kisha nikapata nafasi ya kozi fupi ya kiangazi Uingereza, kuhusu fantasia na vita. Mume wangu aliridhia, na kaka yangu anayeishi huko akanipokea. Tulimsoma Tolkien, aliyeandika The Lord of the Rings. Alifunga ndoa Machi 1916, na Juni akapelekwa vitani Ufaransa. Hebu mfikirie bibi harusi yule, miezi mitatu tu! Mume alirudi Novemba akiwa mgonjwa, na rafiki zake wawili wa karibu walikufa vitani mwaka ule ule.

Katika kitabu chake, Frodo anarudi kwao baada ya adui kushindwa. Wenzake wanafurahi, yeye jeraha bado linamuuma na raha haipati. Mwalimu akatuuliza kama kwetu kuna hadithi ambayo ushindi unamwacha mtu na kidonda. Nikanyoosha mkono nikamsimulia bibi wa sikio. Nilipokaa chini, machozi yalinitoka. Nilikuwa namfikiria baba mkwe.

Niliporudi Bariadi nilimpelekea chai, safari hii sikuondoka. Sikumuuliza habari za vita. Nilimwambia, "Baba, ile dawa ya sikio ilipatikanaje?" Akanitazama, akacheka. Sijawahi kumwona akicheka.

"Mama yako huikatisha hadithi ile. Kaa, mwanangu."

Akanisimulia tangu mwanzo. Alipofika kwenye sikio alinyamaza muda mrefu, kisha akataja majina mawili. Vijana aliokwenda nao Uganda, hawakurudi. Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Nikasema, "Allah awarehemu." Akaitikia, "Amin." Chai ilikuwa imekwisha poa, akainywa hivyo hivyo.

Dada yangu unayejiandaa kuolewa, watakufundisha kupika, kujifukiza udi na kumpendeza mume. Yote mazuri. Ila jua kwamba unaingia kwenye nyumba iliyoishi kabla yako. Ukikuta mtu kimya, usiharakishe kusema anakuchukia. Anza na dhana njema, kama dini yetu inavyotufunza, kisha mpe muda wako. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikinung'unika juu ya mtu mwenye maumivu.

Baba bado si msemaji. Siku hizi nabeba vikombe viwili.

Allah azijaalie nyumba zetu huruma na subira. Amin.