Redio ya Bunia yafunga milango ya seva yake ya zamani ili kulinda majina ya waliokimbia vita

BUNIA, Ituri – Katika redio moja ya jamii mjini humu, kompyuta ya zamani imewekwa kwenye kona, karibu na betri za paneli za jua. Hairushi tena matangazo. Ni seva ya akiba: kila usiku inapokea nakala ya yote yaliyorekodiwa mchana. Humo mna habari na vipindi, lakini mna pia matangazo ya familia zilizopotezana wakati wa kukimbia vita: majina ya watoto, kijiji walikotoka, kambi waliyomo, namba ya simu ya jirani.

Fundi wa redio alipofungua daftari la mashine, ambamo mashine yenyewe inaandika kila anayebisha hodi, alikuta majaribio mengi kutoka nje. Mgeni alijaribu kuingia kwa jina la root, akakosa. Akajaribu admin, akakosa. Sekunde chache baadaye, akaanza tena. Wenzake wakauliza: nani huko ng'ambo anaichukia redio yetu?

Mara nyingi wabishaji wa namna hiyo si watu, ni programu zinazozunguka intaneti nzima bila kulala. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba programu yao ya ZMap, kwenye kompyuta moja yenye mtandao wa kasi, inaweza kugonga mlango mmoja katika karibu kila anwani ya kawaida ya intaneti kwa muda usiofika dakika 45. Kwa hiyo udogo wa redio si maficho.

Na wako pia wanaochagua nyumba ya kuvunja. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000 zimevamiwa. Wengi walikuwa watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita, uhamiaji au maafa. Wavamizi walipitia kasoro ya programu ambayo haikuwa imezibwa kwa wakati.

Mjini Bunia, kazi ilianzia kwenye ruta. Njia iliyoruhusu watu wa nje kufika mlango namba 22, unaotumiwa na huduma ya SSH, ilikuwa imefunguliwa zamani ili fundi afanye kazi akiwa nyumbani. Imefutwa. Kubadili tu namba ya mlango kungepunguza kelele, lakini namba si kufuli.

Kisha seva yenyewe ikaamriwa kukubali kompyuta moja tu, ile ya studio. Kuingia kwa neno la siri kumezimwa, sasa unahitajika ufunguo uliotunzwa ndani ya faili. Hakuna anayeruhusiwa tena kuingia moja kwa moja kama root. Na programu ya Fail2ban inamfungia kwa muda anayekosea mara kadhaa.

Hata hivyo, mashine ni mzee. Mfumo wake hautengenezewi tena marekebisho, na kasoro mpya ikigunduliwa, hakuna wa kuiziba. Ndiyo maana dawa yake ya kwanza ni kutoonekana kabisa kutoka nje. Nakala nyingine imewekwa kwenye diski inayochomolewa kazi ikiisha, kwa sababu kisichounganishwa hakifikiwi na mgeni wa mbali. Fundi alirudisha pia faili chache kutoka diski hiyo na kuzisikiliza, kwani akiba isiyojaribiwa haina uhakika.

Mjadala mkubwa ulikuja mwisho: je, yote yanapaswa kutunzwa? Mtangazaji mmoja alitaka kila sauti ibaki, kwa kuwa ni historia ya Ituri. Mwingine akakumbusha kwamba mama aliyesema hewani mahali anapolala huenda bado anatafutwa na wale aliowakimbia. Wamekubaliana hivi: familia zikikutana, namba za simu na mahali zinakatwa kwenye rekodi, na sauti iliyobaki inatunzwa.

Ndugu msikilizaji, ukienda kutoa tangazo la kumtafuta ndugu yako, una haki ya kuuliza mambo matatu: maneno yangu yatatunzwa wapi, nani anaweza kuyafungua, na yatafutwa lini?