Jioni Rangi Zilipozimwa

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, yupo mama mmoja, fundi cherehani, ambaye kwa muda mrefu aliamini kwamba macho yake yanachakaa kwa sababu ya sindano. Kila ilipofika saa nne za usiku macho yalimwasha na kukauka kana kwamba yametiwa mchanga, na kichwa kikamgonga. Aliilaumu taa, akalaumu uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, akalaumu na umri. Kitu kimoja tu hakukilaumu: simu ya mkononi, ambayo aliishika tangu alipofunika cherehani hadi usingizi ulipomshinda.

Yamkini angaliendelea hivyo lau si jambo moja lililotokea nyumbani. Binti yake wa miaka tisa alimwambia, "Mama, mwalimu anakuita Ijumaa." Mama akaitikia, "Haya, mwanangu," huku kidole chake kikipandisha picha moja baada ya nyingine. Siku ya pili mtoto akarudia, naye akaitikia vilevile. Siku ya tatu pia. Ijumaa ilipofika mama alikuwa ameinamia kazi yake, mara akamwona mtoto amesimama mlangoni na mkoba wake. Amerudishwa kwa kukosa mzazi. Mtoto hakulia. Alisema tu, "Mama, nilikwambia mara tatu, na mara zote uliitika."

Jioni ile mama alimwendea mdogo wake, anayetengeneza simu sokoni, akamweleza yote. "Dada," alisema kijana, "simu hii imepambwa kama bibi harusi. Nani hatageuka kuitazama? Hebu tuivue mapambo." Akaingia katika mipangilio, akafungua sehemu iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye shida ya kuona, akatafuta mahali pa kurekebisha rangi, akachagua kijivu. Mara picha zote zikawa kama zile za studio za zamani. Hata vile vidoto vyekundu vinavyomwita mtu kutazama ujumbe mpya vikapoa kama makaa yaliyomwagiwa maji.

Jambo hilo si uganga. Rangi kali, hasa nyekundu, huvuta jicho kabla akili haijaamua, na waundaji wa programu za simu wanalijua hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani ulionyesha kuwa waliotumia kioo cha kijivu walipunguza muda wa simu kwa wastani wa dakika 38 hivi kwa siku. Mama naye aliiona tofauti. Mapishi aliyozoea kuyatazama usiku yalionekana kama majivu ndani ya sahani, akaiweka simu chini mapema.

Lakini dawa nayo ina uchungu wake. Juma la pili mteja alimpelekea picha ya kitambaa ili amnunulie bitana ya kufanana nacho. Mama, akisahau kwamba simu yake haina rangi tena, alidhani ni kile cha damu ya mzee walichokitazama pamoja dukani. Kumbe mteja alikuwa amebadili nia na kuchukua cha kijani. Katika kioo cha kijivu rangi hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Hasara ya bitana ile ilitoka katika mfuko wake mwenyewe.

Tena, macho hayakupona mara moja, kwa kuwa kijivu huondoa rangi, hakiondoi mwanga. Kwa kawaida mtu hupepesa kope mara 15 hivi kwa dakika. Akikazia kioo macho, hesabu hiyo hushuka sana, nayo macho hukauka. Ndiyo sababu wataalamu wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho mbali, kadiri ya mita 6, kwa sekunde 20. Yafaa pia mwanga wa kioo ulingane na mwanga wa chumba, na simu isikaribishwe mno usoni. Maumivu yasiyokwisha, au kuona kwa ukungu, ni mambo ya kupelekwa kwa daktari.

Basi mama akaweka utaratibu. Mchana, wakati wa kazi, rangi hurudishwa, kwani fundi asiyetofautisha kijani na wekundu hana kazi. Mdogo wake alimwekea njia ya mkato, rangi zikazimwa na kuwashwa kwa kubonyeza tu. Jua likizama huzizima, na baada ya chakula simu huwekwa ndani ya mtoto wa meza ya cherehani, pamoja na bobini na mkasi.

Usiku mmoja aliwasha rangi tena, "kidogo tu," kama alivyojiambia. Binti alikuwa akimsomea barua ya shule. Mtoto akanyamaza katikati ya sentensi, akangoja. Mama alipoinua macho, aliona kwamba mtoto hakukasirika. Alikuwa amezoea kungoja. Akaifungia simu mezani, akasema, "Anza tena mwanzo, mwanangu. Nasikiliza."

Barua ilikuwa inaita wazazi Jumatano. Jumatano hiyo mama alifika shuleni kabla ya kengele.