Nagasaki: muji wa vilima, wa makaa ya mawe na wa kengele mbili

Wengi wetu tunalijua jina la Nagasaki kwa sababu moja tu: bomu. Lakini mutu akifika kule anakuta kwanza muji wa porti, katika kisiwa cha Kyushu, magharibi ya Japani, wenye nyumba zilizopandana juu ya vilima. Hata mwenye feza kidogo anaweza kuutembelea, kwa miguu na kwa tramu. Na kwetu sisi watu wa mine kuko sababu zingine za kuujua muji huu.

FASI YA KULALA

Wageni wa feza kidogo wanalala katika nyumba ndogo za wageni: chumba kimoja, vitanda vinne ao sita, fasi ya kuoga ni ya wote. Viatu vinabaki mulangoni. Katika nyumba zingine hakuna kitanda: unatandika godoro jembamba juu ya mukeka, na asubuhi unalikunja na kulirudisha ndani ya kabati.

Fasi nzuri ya kuanzia matembezi ni mutaa wa Minami-Yamate na jirani yake Higashi-Yamate, kusini ya porti. Mwaka wa 1859 Japani ilifungua porti hii kwa biashara ya inchi nyingi, na wageni wakapewa vilima hivi vya kujengea. Njia zao za mawe zingali pale, na kuzipita hakuna kulipa. Karibu na kituo cha tramu cha Ishibashi kuko asanseri inayopanda kwa mulalo, ikifuata mwinamo wa kilima. Muji uliijenga kwa ajili ya wakaaji, zaidi wazee wanaochoka na ngazi. Nayo ni bure. Anayejua kaji ya mine atacheka: hii inapandisha mama na kikapu chake cha sokoni!

KANISA YA OURA

Kutoka juu unashuka kwa miguu paka kanisa ya Oura, iliyojengwa na mapadri Wafaransa na kumalizika mwaka wa 1864. Kuingia ni kwa kulipa, lakini usipite bila kuiona. Tangu 1614 serikali ilikuwa imekataza ukristu katika inchi nzima. Mapadri walifukuzwa ao kuuawa. Basi, tarehe 17 mwezi wa tatu 1865, kikundi cha watu wa kijiji cha Urakami kiliingia. Mwanamuke mumoja alimwambia padri Bernard Petitjean, kwa sauti ya chini, kwamba moyo wao na wake ni mumoja. Kisha akamuuliza sanamu ya Maria iko wapi.

Kwa miaka zaidi ya mia mbili walikuwa wakibatizana wenyewe, bila padri, bila kanisa, muzazi akimufundisha mutoto maombi kwa siri. Na mateso hayakuwa yameisha. Kuanzia 1868 watu zaidi ya 3.000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu, na mamia walikufa mbele ya marufuku kuondolewa mwaka wa 1873.

NYUMBA YA GLOVER NA KISIWA KITUPU

Jirani na kanisa iko bustani ya Glover. Thomas Glover alikuwa mufanyabiashara kutoka Scotland. Nyumba yake ya 1863 ndiyo ya zamani kuliko nyumba zote za mbao za kizungu katika Japani. Lakini feza haikutoka katika chai na silaha tu. Katika kisiwa cha Takashima, mwaka wa 1869, yeye na mutawala wa Saga walichimba makaa ya mawe kwa shimo la kwanza la Japani lenye mashine ya mvuke.

Njaa ikikupata, omba champon. Ni sahani kubwa ya makaroni, mboga na nyama ya baharini katika mchuzi. Wachina wa muji huu ndio walioianzisha, ili kushibisha wanafunzi kwa bei ya chini.

Kisha teremka porti. Mashua ni ghali kidogo, lakini inakufikisha kisiwa cha Hashima, na bahari ikitulia unashuka. Hii ilikuwa kambi ya mine ya kampuni ya Mitsubishi: mashimo chini ya bahari, magorofa ya saruji, masomo, hospitali. Mwaka wa 1959 watu zaidi ya 5.000 walikaa juu ya hektari sita na kidogo. Wakati wa vita, Wakorea na Wachina waliletwa kufanya kazi kwa nguvu. Mwezi wa kwanza 1974 mine ilifungwa. Mwezi wa ine hakukuwa hata jamaa moja. Madirisha yamebaki wazi, mvua inaingia.

URAKAMI

Siku ya pili, panda tramu ya kaskazini. Bei ni moja, uende karibu ao mbali. Tarehe 9 mwezi wa munane 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu ililipuka juu ya Urakami, kijiji kile kile cha wakristu wa siri. Kufika mwisho wa mwaka, watu karibu 74.000 walikuwa wamekufa. Kanisa kubwa lilianguka; likajengwa tena mwaka wa 1959. Karibu yake utaona kibanda cha daktari Takashi Nagai, chumba cha mikeka miwili tu, ambamo aliandika vitabu akiwa mugonjwa paka kufa kwake mwaka wa 1951.

Bomu ile ilikuwa ya plutonium, nayo inatengenezwa kutokana na urani. Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Baba zetu na babu zetu waliichimba na kuipakia, na hakuna aliyewaambia inaenda wapi.

Kengele moja ya kanisa ilikutwa nzima chini ya mabomoko. Ya pili ilivunjika. Wakatoliki wa Marekani walichanga feza, na tarehe 9 mwezi wa munane 2025, kisha miaka 80, kengele zote mbili zililia pamoja.

Vijana, si wote watafika Nagasaki. Lakini wazee waliofanya Likasi, Kambove na Kolwezi wangali kati yetu. Muwaulize walichimba nini, na waliambiwa nini juu ya mawe yale. Muandike majibu yao.